Kopo la Chini ya Kiti: Miaka Yangu ya Kupeleka Chanjo Ziwani kwa Pikipiki

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya idara ya afya pale Mbinga, pikipiki ilikataa kuwaka mbele za watu. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, sare imenyooshwa vizuri, na nilikuwa mwanamke wa kwanza katika ofisi yetu kukabidhiwa pikipiki ya chanjo. Wenzangu wawili wa kiume waliokuwa na pikipiki zao walikuja kutazama, na mlinzi naye akaacha geti lake akaja kusimama karibu nao. Nikaingiza ufunguo, nikauzungusha, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena mpaka kiatu kikanivuka. Mmoja wa wale wenzangu akasema labda pikipiki inaona haya kupandwa na sketi, wakacheka wote watatu.

Fundi Mkuu wa karakana hakucheka. Alikuwa mzee mfupi, mwenyeji wa Mapera, aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, na baridi ya Mbinga ilimpa kila sababu. Alinisogelea akaniuliza taratibu:

"Binti, unapiga kiki ya nini?"

"Iwake, mzee."

"Umeshaiuliza kwa nini haiwaki?"

Akafungua kiganja chake. Ndani mlikuwa na kichupa cha kioo chembamba, kifupi kuliko kiungo cha kidole, na katikati yake uzi mwembamba wa waya. Hiyo ndiyo fyuzi. Alikuwa ameichomoa alfajiri kabla sijafika, akakaa kusubiri aone nitafanya nini.

"Fyuzi ni mlinzi wa geti," akaniambia. "Umeme ukija kwa fujo, yeye anakubali kufa ili nyumba ipone. Ukimkuta kafa, usimpange mwingine zamu kabla hujajua nani kamuua yule wa kwanza."

Mlinzi wetu aliposikia habari za walinzi kufa alirudi getini haraka. Ndipo na mimi nilipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoendesha pikipiki leo, hasa ninyi ambao kitu kikizima njiani mnatoa simu kabla ya kufungua kiti. Sina ugomvi na simu. Lakini sisi tulishuka Ziwa Nyasa wakati barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha inakuwa sabuni, na hapakuwa na mtu wa kumpigia. Kilichotufikisha ni maandalizi. Mimi ni Mmatengo wa Mkumbi, na kwetu mashimo ya ngolo yanachimbwa mlimani kabla mvua haijakaza, ili maji yakija yakute mahali pa kukaa. Anayesubiri aone mvua kwanza, udongo wake anaufuata bondeni. Umeme wa pikipiki nao ni hivyo hivyo.

Baada ya aibu ile Fundi Mkuu alinipa kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kubana. Tulilijaza pamoja, na kila kitu alinitajisha kazi yake kabla hakijaingia. Fyuzi tatu zilizofungwa kwenye pamba zisipasuke. Plagi moja ya akiba, yaani kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini, pamoja na spana yake. Waya wa urefu wa mkono mmoja, tepu ya umeme, wembe, na kipande cha msasa cha kusugulia kutu kwenye maungio, kwa kuwa umeme haupendi uchafu. Mwisho kabisa akaweka balbu ndogo ya taa ya nyuma iliyounganishwa nyaya mbili fupi.

"Hii ni ya nini, mzee? Taa ya nyuma inawaka."

"Hii ni balbu ya kuulizia. Ukiwa na wasiwasi, usibahatishe na fyuzi. Weka balbu hii pale inapokaa fyuzi, uwashe ufunguo. Ikiwaka kwa unyonge, njia ni salama. Ikiwaka kwa ukali kama jicho la paka, ujue waya mahali fulani umegusa chuma na umeme unamwagika. Hapo una shoti. Itikise pikipiki, vuta nyaya, mpaka balbu ikujibu."

Pikipiki zetu zilikuwa za aina iliyotegemea betri kutoa cheche. Fyuzi kuu ikikatika, hupotezi taa na honi tu, injini nzima inalala. Kwa hiyo kopo lilikaa chini ya kiti, kando ya betri, na kila Jumatatu Fundi Mkuu alitupanga mstari mmoja tulifungue mbele yake. Tena kila Jumatatu alikuwa ameharibu kitu kimoja kwa makusudi kwenye kila pikipiki, na hakuna aliyetoka getini kabla hajakipata. Wenzangu walinung'unika kwamba mzee anawachezea. Mimi nilianza kufika mapema, kwa sababu nilikuwa nimeonja kuchekwa na sikutaka kuonja tena.

Mratibu wa Chanjo, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, alikuwa mtu wa namna nyingine. Mrefu, mwenye sauti ya mahubiri, na kila karatasi mezani kwake ilikaa sambamba na ukingo wa meza. Siku aliponipa ufunguo rasmi aliushika kwanza hewani, akasema:

"Kuna watu humu walinishauri nisikupe. Nimekupa. Lakini sikiliza, Sista. Siku pikipiki hii ikilala njiani kwa uzembe wako, ufunguo huu unarudi mezani kwangu, na hautaenda tena kwa mwanamke."

Niliupokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Moyoni nilikasirika sana. Wale wenzangu pikipiki zao zililala njiani mara ngapi, na nani aliwahi kusema ufunguo hautaenda tena kwa mwanamume? Ila hasira ile ilinifaa. Kuanzia siku hiyo sikuwa nabeba chanjo tu, nilibeba na wanawake wote ambao wangekuja nyuma yangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kitai, pale kwenye njia ya Songea, mahali pa mabasi na vumbi na mahindi ya kuchoma. Huko nilijifunza betri. Betri za wakati ule zilikuwa na maji ndani, na jua likikaza yanakauka taratibu bila kukuaga. Mwezi wa kwanza tu honi ilianza kukohoa. Nikakumbuka maneno ya Fundi Mkuu kwamba honi dhaifu ni betri inayoomba maji, nikafungua vifuniko, nikakuta vyumba viwili vimekauka. Nilikuwa na chupa ya maji ya betri ya akiba, nikajaza mpaka kwenye mstari. Abiria mmoja wa basi akaniuliza kama mume wangu anajua nachezea pikipiki yake. Nikamwambia mume wangu hajui hata betri inakaa upande gani. Na kweli hakujua, marehemu, lakini alikuwa akinipikia uji wa kuondokea kila alfajiri na hakuna siku alinitania.

Baada ya Kitai nikapewa njia ya ziwani, njia iliyokimbiwa na wote. Unatoka Mbinga mashamba ya kahawa yakiwa bado kwenye ukungu, unashuka mlima kona baada ya kona, koti unalivua njiani, na ukifika Mbamba Bay jasho linakutoka. Kisha unafuata pwani kuelekea Liuli, kijiji kwa kijiji. Nyuma ya kiti sanduku la baridi limefungwa mipira minne, ndani yake barafu na vichupa vya chanjo. Kila kichupa kilikuwa na kialama kidogo kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto. Kikishabadilika, umebeba maji tu.

Wanyasa walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Walinipa jina la Mama Sindano. Watoto wao walinikimbia na mama zao walinifuata. Katika kijiji kimoja kabla ya Liuli, zahanati ilikuwa chini ya muuguzi mkongwe aitwaye Mama Eliza, Mwanglikana wa kushika dini hasa, aliyeanza kila kikao cha chanjo kwa sala na kukimaliza kwa kukemea waliochelewa. Na kila nilipofunga sanduku langu kuondoka, wanawake walikuja na vifurushi vya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani wadogo wanaong'aa. Mara ya kwanza nilikataa. Nilimwona mama mmoja uso ukimwanguka.

"Mama Sindano," Mama Eliza akanivuta pembeni, "hapa hatujawahi kumpandisha mgeni mlima mikono mitupu. Ukikataa, wanafikiri umewaona wachafu."

Hapo nikabanwa. Mratibu alikuwa amepiga marufuku samaki kwenye pikipiki za ofisi, akisema mtumishi wa afya hanuki soko. Kukataa ni tusi kwa watu wa ziwa, kubeba ni kosa kwa ofisi. Nikapata ujanja, na ujanja ule nauandika hapa nikiwa bado naona haya. Nilitoa kopo chini ya kiti nikalitia kwenye mkoba wangu, na pale pa kopo nikashindilia usipa. Nikifika Mbinga nilisugua chini ya kiti kwa majani ya mlimao, na Jumatatu kopo lilikuwa limerudi mahali pake. Fundi Mkuu alinusa mara moja akasema, "Pikipiki yako inanukia vizuri, binti," nikageuka kutazama ukutani. Nyumba tatu za Mbinga zilikula usipa wale mwaka mzima. Moja ilikuwa yangu. Moja ya jirani yangu. Ya tatu nitaitaja baadaye.

Asubuhi moja Mama Eliza aliita kwa simu ya upepo ya misheni. Surua imeingia kijijini, watoto wawili wameshalala hoi, akina mama wanakusanyika uwanja wa kanisa, lete chanjo leo hii. Mratibu mwenyewe alinifungia sanduku. Hakusema neno la ufunguo, lakini macho yake yaliusema.

Nilikuwa nimeshashuka kona nyingi, ziwa naliona kwa mbali chini, pikipiki ilipozima ghafla. Taa haiwaki, honi imekufa. Nikaiacha iserereke mpaka kwenye kivuli cha miti ya miombo. Kwanza nikashusha sanduku la baridi, nikaliweka upande usio na jua, nikalifunika kwa kanga niliyoilowesha maji ya kunywa. Kisha nikafungua kiti. Fyuzi imeungua. Nikaweka ya kwanza kutoka kwenye kopo, nikawasha nikiwa nimesimama kando, ikaunguruma vizuri kabisa. Nikafunga sanduku, nikapanda, nikaenda hatua ishirini. Ikazima.

Ninyi mngefanya nini? Mimi nilifanya ujinga. Niliwawazia wale watoto, nikaweka ya pili bila kuuliza swali. Nikakaa kitini, ikaondoka, tairi likaingia kwenye shimo, ikazima tena. Nikabaki na fyuzi moja. Nikawa nazungumza peke yangu kwa Kimatengo, maneno ambayo Mama Eliza asingeyapenda.

Akatokea mzee mmoja wa ziwani anasukuma baiskeli kupanda mlima, mzigo wa usipa umefungwa nyuma.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Imekugomea?"

"Fyuzi zinaungua, baba. Nina moja tu imebaki."

Akatoa pakiti ya sigara, akachana ile karatasi ya kung'aa ya ndani. "Viringisha hii uweke hapo. Wote huku wanafanya hivyo. Utafika."

Ningefika wapi? Karatasi ile haikubali kufa. Umeme unapita wote kwa fujo yake, na kinachoungua sasa ni nyaya zenyewe, toka betri mpaka taa ya mbele. Nimeona pikipiki zikiwaka moto mpaka zikafukiwa mchanga, kwa sababu ya karatasi ya sigara. Nikamshukuru mzee nikakataa. Akachuchumaa kivulini apumzike, akanusa hewa, akaniuliza:

"Na wewe umebeba usipa?"

"Sijabeba, baba. Leo ni chanjo tupu."

"Basi pikipiki yako ndiyo inanuka. Tena usipa wa siku nyingi."

Nilitoa balbu ya kuulizia, nikaiweka mahali pa fyuzi, nikafungua ufunguo. Ikawaka kwa unyonge. Njia salama. Nikatikisa usukani, unyonge ule ule. Nikavuta nyaya za mbele, hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba nikiwa nimesimama inawaka, nikikaa inazima. Nikaegemeza kiti mahali pake, nikamwomba yule mzee aiangalie balbu niliyoining'iniza pembeni, nikakaa kwa uzito wangu wote.

"Eee!" akapiga kelele. "Imekuwa kali!"

Nikainuka. "Sasa?"

"Imenyong'onyea."

Nikakaa tena. "Kali!"

Nikainuka, nikakaa, nikainuka, nikakaa, mzee anaimba kali, nyonge, kali, nyonge, na mtu mwingine angepita angedhani tumerukwa na akili. Lakini mimi nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu balbu ilikuwa inanijibu. Nikaondoa kiti, nikapitisha kidole kwenye fungu la nyaya lililopita juu ya fremu ya chuma, pale pale nilipokuwa nikishindilia vifurushi. Waya mwekundu ulikuwa umevuliwa ngozi urefu wa ukucha, shaba inang'aa. Kando yake nyaya zilikuwa na alama ndogo ndogo za kuguguna.

Mzee akainama. "Panya hao, mwanangu. Wamefuata usipa."

Pikipiki nilikuwa nailaza kwenye stoo yangu kando ya magunia ya mahindi. Majani ya mlimao yalinidanganya mimi tu, panya hawakudanganyika. Waliguguna nyaya zilizolowa mafuta ya samaki, na nikikaa kitini uzito wangu ulibonyeza shaba kwenye chuma. Aliyewaua walinzi wangu wawili nilikuwa mimi mwenyewe, na watoto wa watu walikuwa wananisubiri na surua. Nililia kidogo pale, sitawaficha, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi. Nilisafisha shaba kwa wembe na msasa, nikazungushia tepu mara nyingi, na ile mingine iliyogugunwa nikaifunga pia. Kisha nikachana ukanda wa kanga nikalifunga fungu zima mbali na chuma. Nikauliza balbu mara ya mwisho. Nikakaa, nikaruka ruka kitini. Unyonge mtupu. Nikaweka fyuzi ya tatu.

"Baba, nisipofika utanisema kwa watu?"

"Nitasema nimeona fundi wa kike anabishana na balbu akashinda," akasema, akashika baiskeli yake.

Nilifika jua likiwa juu ya utosi. Akina mama walikuwa bado uwanjani kwa sababu Mama Eliza alikuwa amewakataza kuondoka kwa amri ya Mungu na yake. "Mama Sindano, tulifikiri mlima umekumeza," akasema, na kabla hajaniachia mkono alishafungua sanduku. Barafu ilikuwa imeyeyuka pembeni, ngumu katikati. Tukatazama kialama cha kila kichupa kimoja baada ya kingine. Hakuna hata kimoja kilichobadilika. Tulichanja mpaka mtoto wa mwisho, na wale wawili wagonjwa walipona baada ya majuma ya kuuguzwa. Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini siku ile naitaja kwa kifua mbele.

Jioni walikuja na vifurushi. Nikavipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikamgeukia Mama Eliza: "Zawadi hii ni yangu sasa?" Akasema ni yangu. "Basi naomba sufuria. Nataka tule wote hapa hapa." Wakatazamana, kisha mmoja akacheka, akaenda kuchukua unga wa muhogo. Tangu siku ile siku ya chanjo katika kijiji kile ikawa siku ya kupika, na hakuna aliyenipa tena kifurushi cha kupandisha mlima. Kumbe dawa ilikuwa rahisi hivyo.

Ilibaki Mbinga. Hakuna aliyeniona njiani isipokuwa mzee wa baiskeli. Ningeandika kwenye daftari la safari kwamba nimechelewa kwa sababu ya ubovu wa barabara, na Mratibu angeweka sahihi. Lakini fyuzi mbili zilikuwa hazipo kwenye kopo, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Zaidi ya hapo, pikipiki nyingine mbili zilikuwa zinapita ziwani mara moja moja, nami nilijua wenzangu nao hawakataliwi usipa. Nikaandika yote, panya na mlimao na kila kitu, nikaingia ofisini. Fundi Mkuu alikuwa ameitwa. Nikaweka daftari mezani, na juu yake nikaweka ufunguo kabla sijaombwa.

Mratibu alisoma mpaka mwisho bila kuinua uso. "Kwa hiyo ililala."

"Ililala, mkuu. Kwa uzembe wangu."

Akauchukua ufunguo. Nilichokiona kichwani ni wasichana waliokuwa chuoni wakati ule, ambao wangekuja wakaambiwa kulikuwa na mmoja akaharibu.

"Mkuu, naomba niseme," Fundi Mkuu akavua kofia yake, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. "Binti, ulijuaje ni chini ya kiti?"

Nikamweleza. Balbu, kukaa, kuinuka, kali na nyonge. Alinisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza akamgeukia Mratibu. "Wanaume wako wawili, mkuu, hiyo balbu wanaitumia kumulikia wakitafuta soksi. Huyu ameikumbuka peke yake mlimani na fyuzi moja mkononi. Ukimnyang'anya, utampa nani anayemzidi?"

Mratibu akalifunga daftari. Kisha akauliza, sauti yake ya mahubiri ikiwa imepungua, "Huo usipa. Ulikuwa unaupeleka wapi?"

Nikatazama sakafu. Kama nilivyosema, nyumba ya tatu ilikuwa bado haijatajwa. "Kwangu, mkuu. Kwa jirani. Na kwa mama wa nyumbani kwako. Tunaimba naye kwaya."

Fundi Mkuu alikohoa kikohozi kirefu sana. Mratibu alinyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimeshanyooka, akasukuma ufunguo kuelekea kwangu mpaka ukagusa vidole vyangu. "Utawafundisha wote kutumia balbu," akasema. "Na nyumbani kwangu sitaki kusikia kwamba nilikuwa najua."

Nilishika njia ile ya ziwani miaka mingi. Baadaye nikawa mratibu mwenyewe, nikakalia kiti kile kile, na Jumatatu za kufungua kopo zikaendelea hata baada ya Fundi Mkuu kustaafu na kurudi Mapera. Tulipomzika, kopo lake lilikuwa kwenye dirisha la chumba chake, kifuniko kimebana. Sasa lami imeshuka mpaka Mbamba Bay. Pikipiki mpya betri zake hazitaki maji, fyuzi ni za plastiki zenye miguu miwili, na cheche inatoka kwenye kisanduku kilichofungwa usichoweza kukifungua. Lakini waya bado ni waya na panya bado ni panya. Vijana wa bodaboda pale stendi bado wanaviringisha karatasi ya sigara, nami nikipita nawasema hadharani. Wananiita bibi mkorofi, na hilo pia nalipokea kwa mikono miwili.

Siku ya kustaafu kwangu walifanya sherehe uwanjani, hotuba na soda. Njia ya ziwani ilikuwa inaenda kwa muuguzi mpya, binti wa Liuli aitwaye Edina, mwembamba, asiye na maneno mengi. Nilimkabidhi ufunguo mbele ya watu wote. Asubuhi ile, kabla mtu yeyote hajafika, nilikuwa nimefungua kiti na kuchomoa fyuzi kuu. Nilikuwa nayo kiganjani nimeifumbata.

Edina akazungusha ufunguo. Kimya. Vijana wa ofisi wakaanza kuchekacheka, mmoja akatoa simu arekodi. Nikauangalia mguu wake uliokuwa karibu na kiki. Hakuigusa. Alizima ufunguo, akauchomoa, akateremka, akafungua kiti na kuinama. Baada ya muda mfupi akainua kichwa, akanitazama moja kwa moja.

"Mama, mlinzi hajafa. Ameondolewa kazini."

Nikaanza kunyoosha mkono nimpe. Yeye akaingiza mkono mfuko wa suruali, akatoa fyuzi mpya kwenye kipande cha pamba.

"Ziwani tunasimuliwa habari zako," akasema. "Nilikuja na yangu."

Akaibana mahali pake, akafunga kiti, akawasha. Alinipungia mkono mara moja, akatoka getini na sanduku la baridi nyuma yake, akashika njia ya Mbamba Bay. Mimi nilibaki uwanjani na fyuzi yangu kiganjani, nalia mbele ya wakubwa wote, wala sikuona haya.